Rangi ya kucha ya kawaida, ya "bila sumu", ya maji, jeli au hina: tuchukue ipi?

Msimu wa harusi ukifika Lamu, swali ni moja kila saluni, kuanzia Langoni hadi Mkomani: "Dada, una ile isiyo na sumu?" Nafurahi linaulizwa. Ila jibu la "hii hapa, haina sumu kabisa" halimsaidii mtu, kwa sababu neno hilo kwenye chupa kila kampuni hulipa maana inayoitaka. Mimi napaka kucha na natia hina, na nitazilinganisha zile tunazozipata huku kwetu kwa mambo yanayotugusa: kilichomo ndani, mvuke wanaouvuta waliomo chumbani, udhu, muda wa kukaa, na namna ya kuitoa.

Hukumu yangu naitanguliza ili usome ukijua nasimama wapi. Kwa mwanamke wa huku anayetaka kubadilisha leo, hina ya majani ndiyo ya kwanza. Ya pili ni rangi ya "bila 10", yaani inayodai kuwa haina kemikali kumi zinazolaumiwa, iliyotaja viungo vyake vyote. Za kuacha ni piko, ile inayoitwa hina nyeusi, na jeli ya kujipaka mwenyewe nyumbani.

Kyuteksi ya sokoni na ile ya "bila"

Naanza na hizi mbili kwa sababu ndizo zinazowachanganya watu zaidi, na tofauti yake si kubwa kama bei inavyotaka tuamini.

Zote mbili zimetengenezwa kwa namna moja. Kuna nitroselulosi, ambayo hukauka ikawa utando mgumu juu ya ukucha. Kuna viyeyusho, hasa ethili asetati na butili asetati, vinavyoifanya iwe majimaji chupani kisha vinaruka hewani ikishapakwa. Harufu unayoisikia ni hivyo. Kuna utomvu wa kiwandani wa kuishikisha na kuing'arisha, na kuna kilainishi ili utando usipasuke ukucha ukipinda. Ugomvi mwingi kuhusu sumu uko kwenye hivyo viwili vya mwisho, pamoja na baadhi ya viyeyusho.

Walioanza kulaumiwa ni watatu: toluini, fomaldehaidi, na dibutili fthalati ambayo kwa kifupi ni DBP. Toluini ni kiyeyusho. Ukiivuta nyingi unapata kizunguzungu na maumivu ya kichwa, na mjamzito anayeivuta kwa wingi anamhatarisha mtoto tumboni. Fomaldehaidi ilitajwa mwaka 2004 na IARC, wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. DBP ni kilainishi, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye vipodozi mwaka huo huo kwa sababu ya madhara yake kwa uzazi. Kampuni kubwa zikaanza kuwaondoa hao watatu, na hapo likazaliwa tangazo la "bila 3". Likafuata "bila 5", lililoongeza utomvu wa fomaldehaidi na kafuri, ndiyo, kafuri hii hii tunayoijua ya sanda. Kisha 7, kisha 10, na sasa zipo zinazopita hapo.

Hakuna orodha moja inayozifunga kampuni zote. "Bila 10" ya huyu si "bila 10" ya yule, na wapo wanaofikisha namba kwa kutaja vitu visivyo na uhusiano na sumu, kama ngano au mazao ya wanyama. Mwaka 2012 idara ya serikali ya California inayosimamia kemikali hatari ilipima rangi zinazotumika saluni: kati ya 12 zilizodai kuwa hazina toluini, 10 zilikutwa nayo. Huko ni Marekani, kwenye maabara na wakaguzi. Huku kwetu, chupa imepita mikono mingapi mpaka ikafika dukani?

Lingine ni kwamba kitu kikitolewa, kingine huwekwa mahali pake. DBP ilipotoka, kampuni nyingi ziliingiza kilainishi kiitwacho trifenili fosfati, kwa herufi TPHP, ambacho pia hutumika kuzuia plastiki isishike moto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani wakishirikiana na EWG, shirika la huko la kutetea afya na mazingira, walichapisha mwaka 2015 kipimo cha mkojo wa wanawake 26 waliopaka rangi yenye TPHP: saa 10 hadi 14 baadaye, mabaki yake mwilini yalikuwa yamepanda karibu mara saba. Walipopaka rangi hiyo juu ya glavu zenye kucha bandia, kiwango hakikupanda hivyo. Basi nyingi iliingia pale inapopakwa, kwenye ukucha au ngozi ya pembeni yake, si kwa hewa. Nimelishika sana hili, kwa sababu tumezoea kudhani rangi inayokaa kwenye kucha haiingii mwilini. Na TPHP inashukiwa kuvuruga homoni. Chupa ya "bila 3" inaweza kuwa nayo na bado ikasema kweli tupu kwenye lebo.

Ndiyo maana mimi sinunui namba, nageuza boksi. Viungo huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo yashike majina haya kama yalivyo: Toluene, Formaldehyde, Dibutyl Phthalate, Triphenyl Phosphate, na Tosylamide/Formaldehyde Resin. Ikiwa boksi halipo, geuza chupa yenyewe. Nyingi zina kibandiko kitakoni kinachobanduka kama ukurasa, na orodha imejificha ndani kwa maandishi madogo sana. Ipige picha kwa simu kisha ikuze. Angalia pia alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na jina la aliyeiingiza nchini. Chupa isiyo na orodha popote, hata kama imeandikwa "non-toxic" kwa dhahabu, irudishe. Hizi za bei ya chini ya shilingi 200 zinazopangwa kwenye trei, nyingi ziko hivyo.

Kwa kukaa, ya "bila 10" iliyotengenezwa vizuri haiachwi nyuma na ya kawaida. Mikono inayokuna nazi, kuparua samaki na kufua itaibandua ncha siku ya tatu au ya nne, kama inavyobandua nyingine. Ikipakwa nyembamba mara mbili, na ncha ya ukucha ikafungwa kwa brashi, inafika wiki. Kwa udhu hazina tofauti: zote ni utando, maji hayafiki kwenye ukucha.

Iko tofauti moja ambayo kwangu inatosha kumfanya mtu alipe zaidi. Ule utomvu wa tosilamaidi na fomaldehaidi ndio unaowaletea wengi mzio, na mzio wake mara nyingi hautokei vidoleni. Hutokea kwenye kope, shingoni, au kando ya mdomo, pale kucha zinapogusa ngozi laini bila mtu kujijua. Mwanamke anavimba kope, anawasha, anatupa wanja wake, anabadilisha sabuni, anapakwa dawa, na kucha bado ni nyekundu vile vile. Ukiwa na kope zinazorudi kuwasha kila mara, toa rangi kwenye kucha kwa wiki chache uone kabla hujailaumu wanja.

Hewa ya chumba

Hapa nasema na wenye saluni wenzangu kuliko wateja. Mteja anakaa nusu saa akaenda zake. Msichana anayepaka anakaa kutwa. Vyumba vyetu vya mji wa kale ni vya kuta nene za matumbawe na madirisha madogo, na kwa sababu ya sitara tunashusha pazia mlangoni. Sitara ni haki yetu, lakini pazia hilo linafungia mvuke ndani. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii mvuke wa viyeyusho, inazuia vumbi tu. Kinachosaidia ni feni iliyoelekezwa dirishani kutoa hewa nje, au kuhamia kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, au juu ya dari jioni pale ambapo hakuna mtu wa kukuona. Rangi ya "bila 10" hupunguza viyeyusho vibaya zaidi, lakini bado ina viyeyusho. Isikufanye ufunge dirisha. Na msichana wako akishika mimba, mpe kazi ya hina au ya kusuka mpaka ajifungue.

Tena kuna moto. Mvuke wa asetoni na wa rangi ya kucha ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kutambaa sakafuni, na unaweza kuwaka hata mbali na chupa. Sisi tunapakana tumekaa mkekani, na pembeni chetezo kina kaa la moto na udi juu yake. Siku ya kumpamba bi harusi vitu hivi viwili hukutana chumba kimoja karibu kila nyumba. Fukiza kwanza, toa chetezo nje, ndipo ufungue chupa. Watoto nao ndio walio chini kabisa, pale mvuke ulipo.

Ya maji, na ile ya "halali"

Watu huzichanganya hizi mbili, nazo ni vitu mbali.

Ya maji imeondoa viyeyusho vikali, ikaweka maji na akriliki. Piggy Paint ya Marekani, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, ni ya aina hii. Harufu yake ni ndogo sana, na kwa binti wa miaka sita anayelia apakwe kama dadake, mimi simpi nyingine. Haidumu lakini. Inabanduka baada ya siku mbili tatu, na kwa unyevu wa pwani inachelewa kushika: ukiona imekauka juu, chini bado ni laini, mtoto akigusa kanga inabaki alama. Ipake asubuhi pakiwa na upepo, nyembamba. Nyingine zina vihifadhi vinavyoweza kuleta mzio, kwa hiyo hata hii isome lebo. Zipo zinazobanduliwa kwa vidole kama ngozi ya kitunguu, na hizo zinamfaa anayetaka rangi ya jioni moja kisha atawadhe kwa Isha bila kutafuta asetoni.

Ile ya "halali" au "inayopitisha maji" inazungumzia udhu. Inglot ya Poland ndiyo iliyoijulisha dunia aina hii, kwa utando uliobuniwa upitishe hewa na mvuke wa maji. Wanavyuoni wametofautiana kama kupitisha mvuke ni sawa na maji kufika kwenye ukucha, na kwa hilo muulize sheikh wako, si muuza duka wala mimi. Langu ni hili: bado ni rangi yenye viyeyusho. Neno halali kwenye chupa halijasema lolote kuhusu TPHP wala utomvu. Nimeona akina mama wakiilipia bei kubwa wakidhani wamenunua usalama wa afya. Geuza boksi lake kama la nyingine.

Jeli

Jeli inapendeza, sikatai. Inang'aa wiki mbili au tatu, haikatiki, na bi harusi anaipenda kwa sababu ya picha. Malindi imeshika sana, huku kwetu inaingia. Matangazo yake pia siku hizi yanasema "bila 10", na kwa jeli maneno hayo hayana uzito, kwa sababu hatari yake haiko kwenye wale watatu wa zamani. Iko kwenye methakrilati, kemikali zinazogeuka kuwa jeli ngumu, hasa ile iitwayo HEMA. Ikigusa ngozi kabla haijaiva kwenye taa, mwili unaweza kuishika mzio, na mzio huo haurudi nyuma. Nao unaweza kukufuata kwa daktari wa meno, maana dawa za kuzibia meno zina jamaa zake. Umoja wa Ulaya umeamuru bidhaa za kucha zenye HEMA zipakwe na mafundi tu, na tangu Septemba 1, 2025 umepiga marufuku kabisa TPO, kemikali inayoifanya jeli iive kwa mwanga, kwa sababu ya hofu kuhusu uzazi. Bidhaa inayokataliwa huko lazima itafute soko kwingine. Muulize fundi wako moja kwa moja kama jeli yake ina TPO, na akuonyeshe chupa.

Kwa hiyo zile seti za jeli na kitaa kidogo cha kuchomeka kwenye yuesibii, zinazouzwa mtandaoni, usizichukue. Taa dhaifu haiivishi mpaka chini, na isiyoiva ndiyo inayoleta mzio. Fundi mzuri utamjua kwa jambo dogo: anaacha ufa mwembamba kati ya jeli na ngozi, na ikimwagika pembeni anafuta kabla ya kuwasha taa. Udhu hauko. Mjamzito aliye karibu kujifungua aiache, kwani hospitali wakitaka kuona rangi ya kucha zake au kumwekea kipimo cha oksijeni kidoleni, jeli haitoki kwa pamba mara moja.

Hina, na piko inayojiita hina

Ukiniuliza kwa nini tunahangaika na chupa za Ulaya wakati mhina umesimama uani, sina jibu. Hina haiweki utando. Rangi yake, losoni, inazama ndani ya ukucha wenyewe, kwa hiyo maji ya udhu yanafika. Haina mvuke wa kuumiza kichwa. Haibanduki kwa nazi wala kwa sabuni. Inaondoka ukucha unapokua, na ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, basi hesabu miezi kadhaa. Gharama ni ndimu na subira.

Subira ndiyo bei yake halisi. Majani makavu yatwangwe na kuchekechwa mpaka yawe kama unga wa ngano, yakandwe kwa ndimu au chai iliyokolea, yaachwe yalale mpaka juu pageuke hudhurungi. Pakaa nene kwenye kucha, funga kwa kitambaa au nailoni, lala nayo. Asubuhi ikitoka ni rangi ya chungwa, na wasioijua huvunjika moyo. Ngoja. Siku ya pili inakolea, na kwenye kucha hukolea kuliko kwenye ngozi. Anayetaka waridi, buluu au nyeupe, hina haimfai, na anayebadilisha rangi kwa kila dirii, yaani gauni, pia haimfai. Hapo arudi kwenye ile ya "bila 10".

Mtoto mchanga asitiwe hina. Wapo watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na pwani yetu, kama sehemu nyingi zenye malaria, inao wengi. Losoni inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu yao, na kwa mtoto mdogo ni hatari ya maisha. Najua bibi zetu walitia. Tuliache hilo.

Sasa piko. Mama wa bi harusi atakwambia, "Mwanangu, mtie nyeusi, ionekane kwenye picha." Nyeusi hiyo ni dawa ya nywele. Ndani yake muna parafenilindiamini, PPD, ambayo Ulaya inairuhusu kwenye dawa ya nywele isizidi asilimia 2 wakati wa kupakwa, na hairuhusu kabisa kuchorwa kwenye ngozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutoka Falme za Kiarabu ulikuta hina nyeusi zenye PPD hadi asilimia 29.5. Inatoa malengelenge yanayofuata mchoro ule ule, na makovu yanabaki. Aliyepata mzio wa PPD hawezi tena kupaka nywele dawa nyeusi maisha yake yote bila hatari ya kuvimba uso. Kuitambua ni rahisi: hina ya kweli inataka saa nyingi na huanzia chungwa, piko inakuwa nyeusi chini ya saa moja. Hakuna jani la mhina linalotoa nyeusi hiyo. Na hina nyekundu inayonuka mafuta taa au petroli nayo ikatae, wapo wanaochanganya ili ikolee haraka.

Mimi nimeacha kutia piko. Wateja wengine nimewapoteza kwa hilo, na wengine wamerudi baada ya kuona hina iliyolala usiku mzima inavyoweza kukaribia rangi ya kahawa.

Ya kutolea

Kwa ufupi: asetoni safi inatoa upesi na inakausha kucha na ngozi, isiyo na asetoni ni taratibu kidogo lakini nayo ni kiyeyusho. Yoyote kati ya hizo, tumia pamba ndogo, ikandamize juu ya ukucha uhesabu pole pole mpaka kumi badala ya kusugua, kisha paka mafuta kidogo ya nazi kuzunguka ukucha. Mpe ukucha mapumziko ya siku chache kabla ya kupaka tena.

Nani achukue ipi

Anayeswali sala tano na hataki kutoa rangi kila mara: hina. Mjamzito na anayenyonyesha: hina safi ya majani au aache kucha tupu, na kama anajua familia yake ina upungufu wa G6PD, aulize hospitali kwanza. Mtoto wa shule: ya maji, siku ya Idi. Anayetaka rangi za aina aina: "bila 10" isiyo na TPHP wala utomvu wa tosilamaidi, nje ya chumba. Bi harusi anayetaka kung'ara: hina mikononi na miguuni, na kama lazima jeli, kwa fundi anayeonyesha chupa zake. Mwenye saluni asiye na fedha za kubadilisha zote kwa mara moja aanze na zile anazozipaka kila siku, nyekundu na ile ya rangi ya ngozi, kwa kuwa hizo ndizo msichana wake anazozivuta zaidi.

Chupa za zamani usizimwage mtaroni, mitaro yetu inaishia baharini. Zifungue juu ya dari mbali na watoto na moto, ziache zikauke kabisa, kisha zifunge kwenye mfuko ndipo uzitupe kwenye taka.